Peleka Programu Mezani kwa Mkataji

Ndugu zangu wenye viwanda vya nguo, nanyi wenye maduka ya jumla Kariakoo na Eastleigh. Wewe mama uliyeanza na cherehani moja barazani na leo unalisha mafundi thelathini. Wewe kijana unayeshona sare za shule na kuchapa fulana za harusi na kampeni: tegeni masikio. Yuko mtu atakayebisha hodi ofisini kwako. Shati lake limenyooshwa, mkononi ana laptopu, na ndani ya laptopu ana picha za kupendeza: nguzo za bluu zinazopanda, duara lililogawanywa kwa rangi, namba zinazometameta. Atakuambia kwamba programu yake inaendesha biashara nzima, kuanzia stoo hadi mauzo, mishahara hadi kodi. Nawe utaitikia kwa kichwa, hata pale usipoelewa, maana nani anataka kuonekana mshamba mbele ya kijana wa kompyuta?

Usitie saini! Nasema tena, usitie saini. Mnyanyue huyo kijana kwenye kiti cha wageni, mpitishe katikati ya cherehani na ovaloki, mfikishe kwenye ile meza ndefu ambako jora hukunjuliwa. Msimamishe hapo, mbele ya mkataji mwenye mkasi mkononi, umwambie: bwana, tuanzie hapa. Meza hii programu yako inaijua?

Wengi watanyamaza hapo hapo.

Maana kampuni ya nguo haifi ofisini, ndugu zangu. Inafia mezani. Kitambaa ndicho kinachomeza fedha nyingi kuliko kitu kingine ndani ya shati: kuliko uzi, kuliko vifungo, na mara nyingi kuliko ujira wa fundi. Chukua jora la mita 100. Shati likila mita 1.6, jora hilo linatoa mashati 62. Mkataji akilegea kidogo, akapanga vipande ovyo hadi kila shati likala mita 1.7, jora lile lile linatoa 58. Mashati manne yamekwenda, na hakuna mwizi aliyeingia. Kwa majora 300 ni mashati 1,200 yaliyogeuka makombo ya kufutia mashine! Na hapo hujalowesha kitambaa. Pamba ikirudi kwa asilimia 3, zile mita 100 ulizolipia zimebaki 97, na muuzaji wa kitambaa ameshakula hela ya zote. Sasa nionyeshe, mwenye laptopu: mita zilizoingia stoo ziko wapi, zilizotoka kwenda mezani ziko wapi, na zilizogeuka mashati ni ngapi? Kama mambo hayo matatu hayaonekani pamoja, ulichokileta ni daftari la mauzo lililovishwa suti.

Nenda mbele kidogo, muulize habari ya rangi. Kila mtunza stoo aliyekaa kazini anajua kwamba majora mawili ya bluu, kutoka kiwanda kimoja, yakitiwa rangi kwa mafungu tofauti yanaweza kupishana. Dukani, chini ya taa, hayapishani. Yanapishana kwenye paredi ya shule saa moja asubuhi, jua likiyamulika, upande wa mbele wa sketi ukiwa bluu moja na wa nyuma bluu nyingine, na mwalimu mkuu akipiga simu kwa hasira. Mtunza stoo wako analijua hilo, ndiyo maana huandika namba kwa kalamu nene kwenye ncha ya kila jora. Programu utakayonunua ni lazima iwe na mahali pa kuiweka namba ile, jora kwa jora. Ikijumlisha tu kwamba "bluu zipo mita 4,000", imekutayarishia aibu.

Kisha saizi. Hapa napaza sauti, maana hapa ndipo wenye nguo wengi wanapouziwa vitu vya watu wengine. Mfuko wa saruji ni mfuko wa saruji. Ukisema unayo 500, umemaliza. Fulana haiko hivyo. Fulana ya mtindo mmoja, kwa saizi sita na rangi nane, ni bidhaa 48. Kuwa na mitindo arobaini, na tayari una bidhaa 1,920 za kuhesabu, kila moja ikiwa na mnunuzi wake na siku yake ya kuisha. Programu inaweza kukuambia fulana zipo 500 dukani nawe ukalala usingizi, kumbe zote ni saizi ndogo, na mteja wa Mwanza aliyetaka XL amekwisha panda basi kwenda kwa jirani yako. Kwa hiyo mwambie muuzaji: niwekee fulana moja hapa mbele yangu, saizi zote na rangi zote, kwenye jedwali moja, unionyeshe naingizaje oda ya vipande 200 vilivyochanganyika. Akianza kukufungulia bidhaa moja moja, arobaini na nane, kwa kuandika kwa mkono, mpe soda, mshukuru, msindikize hadi mlangoni.

Mnamkumbuka Dorkasi wa Yafa, ambaye habari zake ziko katika Matendo ya Mitume sura ya 9. Alikuwa mshonaji. Alipokufa, wajane walimzunguka Petro wakilia na kumwonyesha kanzu na mavazi aliyowashonea. Tunapenda kuhubiri machozi ya wale wajane, na ni sawa. Mimi leo nataka mtazame mikono yao. Kila nguo ilijulikana imetoka kwa nani na imekwenda kwa nani. Hakuna aliyesema "kulikuwa na nguo nyingi". Kazi ya mwanamke yule ilihesabika nguo kwa nguo. Je, wewe ukiondoka leo, nani atasimama kiwandani kwako aonyeshe nguo kwa nguo? Au wanao watapewa funguo za stoo na deni lisilojulikana ni la nani?

Labda unasema moyoni: haya ni maneno ya kutisha wadogo, wakubwa wananunua tu na mambo yanakwenda. Sikia habari za wakubwa.

Kampuni ya Nike, unayoijua, mwaka 2000 ilianza kutumia mfumo wa kupanga mahitaji kutoka kampuni ya i2, ili kompyuta iwaambie kiatu gani kitengenezwe na kwa wingi gani. Viatu vilivyokuwa havitakiwi vikaagizwa kwa wingi, vilivyotakiwa vikaadimika. Februari 2001 Nike ilitangaza kwamba mauzo ya dola milioni 100 yamepotea katika robo moja ya mwaka. Nao si watu wajinga! Walikuwa na wataalamu na fedha. Waliwasha mfumo kabla haujajaribiwa vya kutosha.

Levi Strauss nao, wale wa jinzi, ambao suruali zao mnazifungua kila wiki kwenye marobota ya mitumba, mwaka 2008 walihamia mfumo wa SAP. Oda zikakwama. Mwezi wa Aprili maghala yao matatu ya kusambazia mzigo huko Marekani yakasimamisha kutoa bidhaa kwa wiki nzima. Faida ya robo ile ya mwaka ikaporomoka kutoka dola milioni 46 mwaka uliotangulia hadi dola milioni 1. Uchumi wa Marekani ulikuwa mbaya mwaka ule, hilo lilichangia, na wao wenyewe walilisema. Lakini duka lililoagiza jinzi halikupata jinzi. Levi's walikuwa na mfuko wa kustahimili wiki kama ile. Wewe unao? Fikiria wiki ya kwanza ya Januari, wazazi wamepanga foleni wakitaka kaptula na sweta za shule, na mhudumu wako anamwambia mama mwenye watoto watatu, "subiri, mtandao unazunguka."

Sasa geukieni upande wa pili, mwone jambo la ajabu. Zara, kampuni ya Amancio Ortega wa Hispania, iliyofungua duka lake la kwanza La Coruña mwaka 1975, iliendelea hadi miaka ya mwanzo ya 2000 kutumia mashine za kuuzia zinazoendeshwa na DOS, mfumo wa kizamani ambao Microsoft wenyewe walikuwa wameshauacha. Vijana wa kompyuta walicheka. Lakini mameneja wa maduka walituma oda makao makuu mara mbili kwa wiki, na mara mbili kwa wiki nguo mpya zilifika. Walijua ni taarifa gani wanaihitaji, nani aitume, siku gani, na nani aifanyie kazi. Sisemi ununue kitu cha zamani. Nasema watu wale walikuwa na utaratibu kabla ya kuwa na programu, na programu dhaifu ikawatumikia. Asiye na utaratibu akinunua programu ya kisasa atapata fujo ile ile, safari hii ikiwa na ada ya kila mwezi.

Na sasa nitasema neno gumu. Nisameheni, lakini aliyeitwa kusema asinyamaze.

Wako kati yetu wenye vitabu viwili. Kimoja cha mamlaka ya mapato, chembamba. Kingine cha mwenyewe, kinene, kinacholala chini ya mto. Ndugu yangu, usinunue programu yoyote kabla hujatubu hilo. Programu ya kuendeshea kampuni inafanya kazi kwa jambo moja: jora likitoka stoo, nguo izaliwe, nguo ikitoka, risiti itoke, risiti ikitoka, fedha ionekane. Ukikata mnyororo huo mahali pamoja, kote kunakuwa uongo. Ukiuza vipande 300 bila kuviingiza, stoo ya kwenye kompyuta itakuambia unavyo, utaacha kushona, na mteja wa kweli atakosa. Hapo utasema programu ni mbovu! Tanzania mashine za risiti za kodi, EFD, zilianza kutumika mwaka 2010, na siku hizi upo pia mfumo wa VFD usiohitaji mashine. Kenya kuna mfumo wao, eTIMS. Tanzania Bara VAT ya kawaida ni asilimia 18, Kenya asilimia 16. Muulize muuzaji: risiti inatoka moja kwa moja kutoka kwenye programu yako, au mhudumu ataandika mara mbili? Akikuambia "tutaunganisha baadaye", mwambie utalipa baadaye.

Wenzetu Waislamu wanajua kwamba aya iliyo ndefu kuliko zote katika Kurani, ya 282 ya Sura ya Al-Baqara, inahusu kuandika deni: mwandishi mwadilifu, mashahidi, dogo na kubwa na muda wake. Sisi tunakopesha mzigo kwa mteja wa Tunduma, kwa mteja wa Lubumbashi, kwa simu, kwa "nitakutumia Ijumaa", na tunaandika kwenye pakiti ya sigara. Programu isiyonionyesha mara moja nani ananidai, nani namdai, na deni lina siku ngapi, hiyo ya nini? Na malipo ya simu je? Tangu M-Pesa ianze Kenya mwaka 2007, sehemu kubwa ya soko inaishi ndani ya simu. Malipo yakiingia, yajipachike kwenye ankara yake. Msichana wa kaunta asikae hadi saa tatu usiku akilinganisha ujumbe wa simu na daftari.

Lipo neno jingine, nalo linanichoma kuliko yote. Wengi wenu mnalipa mafundi kwa kipande. Mama ameshona kola 90, anaandikiwa 80, kwa sababu msimamizi alihesabu kwa macho. Anasema, anaambiwa amekosea. Ananyamaza, ana watoto. Yakobo aliandika katika sura ya 5 ya waraka wake juu ya ujira uliozuiliwa kwa hila, na Kurani ina sura, ya 83, inayoanza kwa kuwakemea wapunjao vipimo. Mnadhani vipimo ni mizani ya sukari tu? Kola kumi zilizopotea ni kipimo kilichopunjwa! Kwa hiyo unapochagua programu, uliza kama kila fungu la vipande linalotoka mezani linaweza kupewa tiketi yake, likafuatwa kutoka kola hadi mkono hadi vifungo, likiandikwa nani ameshona nini. Viwanda vingi vinavyouza nje, kama vile vya Athi River nchini Kenya, vinafuata mafungu kwa namna hiyo. Mwenye mafundi thelathini anaweza kuanza kwa tiketi za karatasi zinazoingizwa jioni. Mama aone hesabu yake mwenyewe kila Ijumaa. Muuzaji asiyejua hata maana ya kulipa kwa kipande hajawahi kuingia kiwanda cha nguo, hata awe na suti ya namna gani.

Mtaniuliza: basi, mhubiri, tununue ipi? Sina duka la programu, kwa hiyo nitasema wazi. Anayenunua nguo na kuuza, bila kushona, asijitwishe mzigo: programu ndogo ya dukani inayojua saizi na rangi, ikishikana na ya mhasibu, inamtosha. Tally, ambayo kampuni yake ya Bengaluru, India, ilianza mwaka 1986, wahasibu wengi mjini wanaifahamu, na kwa vitabu vya fedha inafaa. Lakini usiilazimishe kuongoza mkasi. Anayeshona, na hasa anayeshona kwa kitambaa chake, atazame Odoo ya Wabelgiji na ERPNext ya Wahindi wa Mumbai. Zote mbili zinakubali bidhaa yenye saizi na rangi, na zote zinakuwezesha kuandika kwamba shati moja linakula kitambaa kiasi hiki, vifungo saba, lebo moja. Lakini fumbua macho kuhusu neno "bure". Toleo la bure la Odoo halina uhasibu kamili. Huo uko kwenye toleo la kulipia kwa kila mtumiaji. ERPNext unaweza kuichukua bila ada ya leseni, ila seva utalipia, na mtu wa kuisimika na kuifundisha utamlipa. Na mwenye mafundi chini ya hamsini asinitajie SAP. Hicho ni kiburi.

Mnaukumbuka ule mfano wa mjenzi wa mnara katika Luka 14, aliyeanza msingi bila kupiga hesabu, waliomwona wakamcheka. Gharama ya programu haiko kwenye bei aliyokutajia. Iko kwenye wiki za kuhesabu mali yote upya, kwenye siku za kuwafundisha watu ambao hawajawahi kushika kompyuta, kwenye betri ya kuvusha umeme ukikatika, kwenye laini ya pili ya intaneti. Uliza: umeme ukikatika saa tano asubuhi, kaunta inaendelea kuuza? Mtandao ukirudi, mauzo yale yanaingia yenyewe? Usikubali jibu la mdomo. Chomoa waya mbele yake mwone wote wawili.

Ukifika kwenye mkataba, wapo wanaosoma bei na kuruka kurasa. Soma ukurasa wa kuachana! Taarifa ni zako: wateja wako, vipimo vya miili yao, madeni yao. Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 na Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Taarifa za mteja zikivuja, ataanza kukuuliza wewe. Iandikwe kwamba siku yoyote utazitoa zote kwa Excel bila kumlipa mtu. Iandikwe nani anashika nywila kuu. Nimeona mwenye kampuni akipiga magoti kwa kijana aliyemwekea mfumo, kwa sababu funguo za nyumba yake mwenyewe zilikuwa mfukoni mwa kijana.

Na usiwashe mfumo mpya Novemba, wala wiki mbili kabla ya Idi, wala shule zinapofunguliwa. Mshona sare awashe Machi. Anza na mtindo mmoja wa nguo, stoo moja, mkataji mmoja. Daftari la zamani liendelee sambamba hadi hesabu zote mbili zikubaliane mwisho wa mwezi, mara moja na mara ya pili. Zisipokubaliana usikasirike, tafuta kwa nini, maana mara nyingi daftari ndilo lililokuwa likikudanganya miaka yote.

Nawasihi basi, enyi mnaovisha watu. Jumamosi hii fungeni mlango saa nane mchana. Waiteni mkataji, mtunza stoo na msichana wa kaunta, ketini pamoja sakafuni kama hakuna viti, mhesabu majora yote, moja moja, na mita zake, na namba zake za rangi. Andikeni kwenye karatasi yale mnayotaka kuyajua kila jioni na hamyajui. Karatasi hiyo, iliyoandikwa kwa Kiswahili chenu, mkabidhini kila muuzaji wa programu atakayekuja, mkimwambia ajibu mstari kwa mstari, kwa kitambaa chenu na nguo zenu. Mpeni mtunza stoo haki ya kukataa. Akisema hapana, msinunue.